Mlango Mmoja wa Shangazi

Toleo jipya la jukwaa la programu liliigawa maktaba yake, ghala la vipande vya programu vya kuazima, vifurushi-vifurushi, na vipande vya kuchapia risiti vikahamishiwa kifurushi kingine bila kuaga. Ofisi nzima ya waandishi wa programu ilishika tama. Programu ya kila mtu ilidai marekebisho kila kona, na fundi mkuu, ambaye hakawii kununa, alikuwa hasemi na mtu.

Binti mmoja wa pale alifungua programu ya duka la dawa, aliyoiandika shangazi yake kabla ya kustaafu. Enzi zile mafundi hawa hawa walimcheka shangazi: kila alichoazima kwenye maktaba alikipitisha kwenye faili moja tu, kama nyumba ya mwoga yenye mlango mmoja. Binti aliongeza kifurushi kipya, akabadilisha anwani ya vipande vile kwenye faili ile, akajaribu. Risiti ikatoka.

Akapiga simu, kifua mbele.

"Shikamoo shangazi. Maktaba imehamishwa, programu yako ikagoma."

"Marahaba. Imegoma mahali pangapi?"

"Mahali pamoja tu. Nimeshapatengeneza."

Shangazi akacheka.

"Basi weka spika, mwanangu. Niwaulize hao wenzako, kwao ni pangapi."