Hadithi Isiyo na Muhuri

Ilikuwa siku ya tatu Marcelina amepiga magoti mbele ya meza ya karani Lugembe, hadithi yake mkononi, jua likimchoma kisogo. Alimwamkia shikamoo mtu ambaye angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho. Alitaka muhuri tu. Gazeti la serikali huko Dar es Salaam lilikuwa limetangaza shindano la hadithi fupi, na sharti mojawapo lilikuwa kila hadithi igongwe muhuri wa baraza la mtemi, ijulikane kwamba mwandishi kaitunga mwenyewe. Na muhuri alikuwa nao Lugembe.

Sasa hadithi yenyewe ilimhusu nani? Huyo huyo Lugembe! Serikali ilipowahamisha watu kutoka vijiji vyao vya msituni, ikawarundika katika makazi mapya njia ya Kaliua ili kuwaepusha na mbung'o, sindano za malale zilikuja kwa zamu, na zamu aliiandika yeye. Aliyeleta kibuyu cha asali aliandikwa leo. Tobias, mumewe Marcelina, hakuwa na asali. Mizinga yake ilibaki kule walikohamishwa. Akaambiwa kesho, akaambiwa kesho kutwa, mwisho wakamzika. Marcelina, aliyefundishwa kuandika na masista, aliyaandika yote hayo bila kupamba.

Siku hiyo Lugembe aliisoma hadi mwisho, akaguna, akatia asali kwenye sauti pia.

"Toa ukurasa huu wa vibuyu, mama, nikugongee sasa hivi. Unaandika vizuri, unaweza kushinda."

"Ukurasa huo ndio hadithi," Marcelina alisema, akainuka, akakung'uta magoti.

Mkaidi yule mwanamke, usiombe! Kesho yake alikoroga masizi ya chungu kwa mafuta ya karanga, akapita nyumba kwa nyumba akiwasomea watu. Aliyekiri kwamba ni kweli aliweka dole gumba chini ya ukurasa wa mwisho. Yakapatikana madole ishirini na saba, naye akaandika jina pembeni ya kila moja, waamuzi wasije wakadhani kayabandika yote mwenyewe. Hapo ndipo alipokosea. Penye nafasi ya muhuri akaandika: hawa ndio mashahidi wangu.

Akaituma hivyo hivyo. Kama waamuzi waliisoma, hakuna ajuaye. Waliirudisha boma la Tabora kwa kuwa haikuwa na muhuri. Boma wakaipeleka kwa mtemi achunguze, na mtemi akaitisha baraza, akamwamuru karani wake aisome mbele ya watu wote. Lugembe alisoma vizuri, sauti kavu, mpaka alipofika kwenye asali. Akageuza kurasa mbili kwa pamoja.

"Umeruka," Marcelina alisema kutoka upande wa wanawake.

Akasimama, akaisema kwa moyo sehemu iliyorukwa, neno kwa neno, nani alileta kibuyu siku gani na nani alizikwa lini. Alikuwa na hasira, na katikati ya hasira hiyo alikuwa na furaha ambayo hata zawadi isingempa, maana sasa watu mia tatu walikuwa wameisikia.

Mtemi hakuuliza kama ni kweli. Aliuliza wenye madole wako wapi. Walisimama wote, na majina yao yalikuwa mkononi mwake, hata la Ng'washi, ambaye malale yalikwisha kumwingia, akisimama anasinzia. Wakahukumiwa pamoja na mwandishi wao mwezi mzima wa kufyeka msitu, kwa kosa la kumsingizia mtumishi wa serikali.

"Aliye mgonjwa asiyeiweza kazi," mtemi alimalizia, "akamwone karani, aandikwe."

Lugembe alifungua daftari, akachovya kalamu, akangoja. Hakuna aliyekwenda.

Asubuhi walitoka na mashoka yao. Kwenye mti wa tatu Ng'washi alilala huku amesimama, shoka lake limenasa kwenye mninga, mikono yote miwili bado imeshika mpini. Marcelina alimkumbatia kiunoni asianguke, akamwita kwa jina, akamwita tena.