Pazia la Ngoma Kubwa

Jumamosi alasiri Mshonaji alipindia sketi ya mwisho ya sare za shule, akakata uzi kwa meno, akaifunika cherehani yake. Kisha akapita mlango wa nyuma uliounganisha chumba chake cha kushonea na ukumbi, akaketi nyuma ya pazia, ngoma kubwa kati ya magoti. Ilikuwa imeshakanzwa juani na ngozi yake imekaza. Aliigusa kwa kiganja, ikamjibu.

Mbele ya pazia alikaa kaka yake, ambaye watu walimwita Kiongozi, na ngoma nyingine ya ukubwa uleule. Ya kwake ngozi ililegezwa makusudi. Ukiipiga ilitoa sauti ya mto wa pamba. Kando yake walikaa wapigaji wawili wa ngoma ndogo. Kabla ya kuanza, Kiongozi alisimama akawatahadharisha wachezaji kama kawaida:

"Jamani, wenye vilemba virefu waangalie feni."

Maana Mshonaji akipiga, watu hupaa. Mkono wa kushoto ukiutandika mdundo, visigino huinuka. Wa kulia ukianza kuudonoadonoa juu yake, nyayo huachana na sakafu, na viatu vilivyolegea hubaki chini vikisubiri wenyewe. Bibi Mkunga, aliyeacha kazi ya kuzalisha kwa sababu ya magoti, alikuwa mwepesi kuliko wote. Hucheza usawa wa madirisha, kiuno kikilijibu kila pigo kama mtu anayesalimiwa kwa jina lake. Mume na mke waliokuja wamenuniana hujikuta wameshikana mikono karibu na dari. Mwenye ukumbi aliliona ni jambo jema, kwani sakafu yake haikuchakaa.

Wakishashuka, humpongeza Kiongozi.

Mambo yalikuwa hivyo tangu baba yao afariki. Mzee aliwafundisha wote wawili kwenye benchi moja, lakini ngoma alimwachia mwana wa kiume, ambaye alipiga sawasawa, bila kosa, bila kumwinua hata kuku. "Mwanamke akae mbele na ngoma kubwa, watu watasemaje?" Kiongozi alimwambia dada yake. Ikabidi lishonwe pazia, na aliyelishona ni dada mtu.

Jumamosi hiyo Mshonaji hakuanza kupiga. Alitoka nyuma ya pazia na gauni la manjano alilojishonea, akamwinamia kaka yake sikioni.

"Kaka, leo nataka kucheza."

"Na nani apige?"

"Wewe. Ngoma yangu iko nyuma, imekaza."

"Dada, usiniaibishe mbele za watu."

"Miaka yote nawarusha wenzangu. Mimi mwenyewe sijui huko juu kukoje."

Kiongozi aliwatazama watu, akaona hana pa kutokea. Akaenda kuileta ngoma, akapiga. Ngoma ndogo zikaitikia. Mshonaji alifumba macho, akacheza, akangoja sakafu imwachie. Haikumwachia. Akaongeza bidii, gauni likazunguka vizuri, jasho likamtoka. Wengine walisogezasogeza miguu kama watu walio kwenye foleni, mwisho wakasimama kabisa.

Bibi Mkunga akaja akichechemea, akamshika mkono.

"Mwanangu, magoti yananiuma. Rudi nyuma utupigie."

"Kumbe mnajua?"

"Tangu siku ya kwanza. Kwani hatuna masikio? Tulifunika kombe tu."

"Basi liondoeni pazia."

Watu wakatazama chini. Kondakta mmoja wa basi akakohoa. "Dada, kaka yako ni mtu mzima. Tumvunjie heshima?"

Mshonaji akageuka aende zake. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi. Lakini ngoma ndogo hazikunyamaza, na katikati ya mapigo yake zilikuwa zikimwachia nafasi yake, tupu, kama kiti cha mgeni anayengojewa. Viganja vikaanza kumwasha. Akarudi nyuma ya pazia, na kaka yake akamrudishia ngoma bila kumtazama usoni.

Siku hiyo alipiga kuliko siku zote. Mdundo ulipita kwenye viti, kwenye kuta, kwenye mbavu za watu. Vioo vya madirisha vikaitikia kwa sauti nyembamba. Wakapaa wote, hata wapigaji na ngoma zao, hata mwenye ukumbi aliyekuwa mlangoni akitafuna karanga. Kiongozi naye akapaa kwa mara ya kwanza maishani, bado ameketi vilevile, mikono ikiendelea kuigiza, mpaka akalipita pazia kimo. Akainama, akamwona dada yake kule chini, nyayo zake kwenye saruji, kwani mtu hawezi kujiinua kwa mikono yake mwenyewe.

"Nishushe," alisema.

Mshonaji aliendelea kupiga hadi aliporidhika. Kisha akaupunguza mdundo, akawashusha mmoja mmoja: Bibi Mkunga kwanza, taratibu kwa ajili ya magoti, kaka yake mwisho. Kiongozi alipogusa sakafu, ukumbi mzima ulimpigia makofi, naye akasimama, akainamisha kichwa, akawashukuru.