Chai ya Kabla ya Kura

Mimi ni mpishi wa kantini ya bunge, na dada yangu ni mbunge. Tumetoka tumbo moja, ila yeye alipewa mdomo, mimi nikapewa mwiko.

Siku hiyo bunge lilikuwa linapigia kura mkataba wa nchi yetu na jirani zake: hakuna kutengeneza silaha za nyuklia, wala kumwekea mgeni mabomu yake. Kesho yake bunge lingevunjwa. Mkataba ukikwama, jeshi la wageni lingepewa uwanja wa ndege wa zamani kuhifadhi mabomu, na nyumba ya mama imepakana na uwanja huo. Wapimaji walishaupaka ukuta wake alama nyekundu ya kubomolewa. Usingizi ulikuwa umenihama.

Kwa kiherehere changu, nikapika mapema chai ya tangawizi ya kusherehekea. Dirisha la jiko linatazamana na ukumbi. Harufu ikaingia, na waheshimiwa wakaanza kutoka mmoja mmoja, eti wanakwenda msalani. Msala gani wenye vikombe?

Dada akaja mbio, viatu mkononi.

"Akidi imevunjika kwa sababu yako! Wasiporudi sasa hivi Spika anaahirisha. Unataka mama akalale wapi?"

"Dada, nilidhani..."

"Utadhani baadaye!"

Mtu aliyeshika kikombe haombeki. Nikafunga bomba la birika kubwa, nikalipakia kwenye toroli, nikaondoka nalo.

"Wewe, chai inakwenda wapi?" akafoka mheshimiwa mmoja.

"Mlangoni mwa ukumbi, mheshimiwa. Nitamimina kura ikiisha."

Walinitukana, lakini walinifuata. Penye nia pana njia. Penye chai pana wabunge.

Nilisimama nje, jasho likinitoka, hadi nikasikia "Ndiyooo!" ikitikisa mlango. Mkataba umepita. Nikaketi sakafuni nikicheka peke yangu. Nilifurahi hata nikawamiminia wale walafi vikombe viwili viwili.

Dada akampigia mama, akafungua spika ya simu ili nami nisikie.

"Mama, umepita. Hawaleti mabomu hapo."

Mama akauliza, "Hamnidanganyi?"

"Hatukudanganyi, mama."

"Basi kesho mniletee fundi wa paa. Tangu mvua zilizopita nalala na ndoo kitandani."

Dada akaziba mdomo kwa kiganja, machozi yakimtoka.

"Mama jamani! Mbona hukusema?"

"Ningeezeka ili nani abomoe?"