Byarugaba Amwogope Nani?

Mwaka 1987 kahawa ilizaa vizuri sana Rwenkende, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna aliyelala. Wezi walianza na mikungu ya ndizi. Wakahamia kwenye kahawa: mtu anaamka asubuhi anakuta miti yake imechumwa yote, mbivu na mbichi pamoja, matawi yamevunjwa. Mwisho wakaingia kwenye mbuzi. Rwenkende ni kitongoji kidogo tu huko upande wa Kibingo, nyumba zimejificha ndani ya migomba, na kila aliyeibiwa alijua moyoni kwamba mwizi hakutoka mbali. Basi watu wakaanza kutazamana. Ukipita kando ya kibanja cha mtu, shamba lake la migomba, mwenyewe anaacha kulima, anasimama na jembe lake mkononi mpaka upotee.

Nyirabahire alikuwa mjane. Wazazi wake walivuka mpaka kutoka Rwanda wakiwa wamembeba mgongoni. Akakulia Rwenkende, akaolewa Rwenkende, akamzika mumewe hapo hapo kibanjani. Mwanawe wa pekee, Anastazi, alikuwa akifanya kazi Bukoba. Mwaka ule Nyirabahire aliwaingiza mbuzi wake ndani, akalala nao, na panga akaliweka chini ya mkeka.

Alfajiri moja mlango ulisukumwa. Hakuuliza nani. Aliinuka, panga likashuka kwa nguvu zake zote, likazama kwenye mwimo wa mlango, kando kidogo tu ya kichwa cha Kemirembe, jirani yake, aliyekuja kuomba moto. Kemirembe aliketi chini pale pale kizingitini, kigae chake cha moto kimepasuka.

"Mama Anastazi," alisema, "ni mimi."

"Nakuona sasa."

"Ungeniua."

"Ningekuua," alisema Nyirabahire, akaketi naye.

Hawakugombana. Kemirembe alimwambia kwamba hata yeye analala na shoka, na kwamba juzi nusura amkate shemeji yake. Ndilo lililomtisha Nyirabahire kuliko jambo lenyewe: kwamba wanawake wawili waliopeana chumvi miaka yote hiyo sasa wangeweza kuuana bila hata chuki, kwa woga tu.

Jua lilipochomoza alikuwa amefika kwa mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Telesfori.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wamekuibia tena?"

"Hawajaniibia. Ila wezi hawajaua mtu hapa, na mimi leo nimebakiza kidogo. Tuitie watu, tukae, tukubaliane. Hivi tunavyoishi, kila mtu na panga lake, tutamalizana wenyewe."

Watu walikutana kiwanjani mbele ya ghala la kahawa. Walizungumza mpaka koo zikakauka, na walipomaliza walikuwa wamekubaliana hivi: kila nyumba itatoa mlinzi, nyumba isiyo na mwanamume itatoa chakula cha walinzi, mapanga yatabaki ndani, na mtu atakayekamatwa hataguswa mpaka asikilizwe na mkutano. Hilo la mwisho alilisema Nyirabahire, na hakuna aliyelipinga. Mikono ikanyooshwa, hata ya vikongwe.

Ukamanda walimpa Byarugaba. Alikuwa mwanamgambo aliyerudi kutoka vita ya mwaka 1978 na 1979, mtu mrefu, mkimya, asiyelewa. Na lazima isemwe wazi kwamba Byarugaba aliifanya kazi yake. Walinzi walizunguka vibanja kwa zamu, filimbi zikasikika bonde zima, na haukupita muda mrefu wizi ukakoma. Mbuzi mmoja wa Nyirabahire aliyepotea alirudishwa, kamanda mwenyewe akimvuta kwa kamba. Nyirabahire aliwatoa mbuzi nje, akalitoa panga chini ya mkeka, akalirudisha kwenye kazi ya kukatia migomba. Alilala. Kila alipopika maharage ya walinzi aliongeza mafuta kidogo, kwa shukrani.

Mambo hayakuharibika kwa siku moja. Kwanza walinzi walianza kuingia kwa watu na kunywa lubisi, pombe ya ndizi, bila kuomba. Kisha ikatangazwa kwamba kila nyumba itoe mkungu wa ndizi, juu ya chakula kile cha mwanzo. Aliyenung'unika aliulizwa, "Kwani wewe ni rafiki wa wezi?" Baadaye mtu akikutana na walinzi njiani alivua kofia. Nani aliamuru hivyo? Hakuna. Mmoja alivua, wa pili akaona asipovua ataonekana. Nyirabahire aliyaona yote hayo na akanyamaza, maana usingizi ulikuwa mtamu.

Msimu wa kuanua kahawa, asubuhi moja, mlinzi alikuja kumwita. "Mama Anastazi, kamanda anakutaka ghalani. Tumempata mwizi wako."

Alikuwa Nsabimana, kibarua kutoka Burundi aliyekuwa akipalilia vibanja vya watu, cha Nyirabahire kikiwamo. Walikuwa wamemfunga kwenye nguzo ya ghala. Pembeni lilikuwepo gunia la kahawa kavu, na Nyirabahire alilitambua mara moja. Ni yeye aliyelishona lilipochanika. Nsabimana alikuwa ameshapigwa. Mkono wake wa kushoto ulining'inia vibaya, na jicho moja lilikuwa limefumba.

"Gunia lako?" aliuliza Byarugaba.

"Langu."

Byarugaba akamkabidhi fimbo. "Basi haki yako hiyo. Mpige."

Nyirabahire aliishika. Akakumbuka jinsi alivyomlisha mtu huyu, jinsi alivyomwachia watoto wa mbuzi awachunge, jinsi yeye mwenyewe alivyoinama jua zima kuichuma kahawa ile, tunda moja moja. Hasira ikampanda, akapiga. Fimbo ilitua begani, Nsabimana akatoa sauti ndogo kama ya mtu anayeinua mzigo. Na Nyirabahire akasikia utamu. Utamu kabisa, ulimtoka mkononi ukashuka hadi tumboni, na mkono ukainuka wenyewe kutafuta pigo la pili.

Ukabaki hewani. Aliwatazama walinzi waliomzunguka. Walikuwa wakitabasamu, wakimngoja. Walikuwa majirani zake, wengine alikuwa amewabeba wakiwa wachanga. Akaelewa kwamba utamu ule alioonja mara moja, wao wameuonja kila wiki kwa miezi.

Akaitupa fimbo.

"Mfungueni."

"Amekuibia, Mama Anastazi."

"Najua. Mfungueni, apelekwe zahanati, na akipona aje mbele ya mkutano. Ndivyo tulivyokubaliana."

"Mkutano?" Byarugaba alisema taratibu, bila ukali. "Mkutano ndio sisi."

"Sivyo. Ninyi tuliwatuma."

"Ukimfungua, nyumba yako hatuilindi. Fikiria."

Nyirabahire alifikiria, hakuwa mtu wa kukurupuka. Kisha akapiga magoti kwenye vumbi, akaanza kuzifungua kamba kwa meno pale vidole viliposhindwa. Hakuna aliyemsaidia, wala aliyemzuia. Alimwegemeza Nsabimana begani, naye akaling'ang'ania bega hilo kwa maumivu, wakatoka hivyo mpaka barabarani walipopata mtu wa baiskeli.

Byarugaba alitimiza neno lake. Filimbi zilizunguka vibanja vyote, zikaruka cha Nyirabahire, na haukupita muda mikungu yake ikaanza kukatwa. Watu waliacha kumsalimu walinzi wakiwa karibu. Anastazi alituma ujumbe kutoka Bukoba kwamba mama aende akae naye mjini. Yeye akajibu kwamba ana kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenda nyumba kwa nyumba, mchana kweupe, akiingia kwa mlango wa mbele ili aonekane. Alianza na Kemirembe.

"Ulinyoosha mkono kwa ajili ya nini siku ile?"

"Ili nilale," alisema Kemirembe.

"Na unalala?"

Kemirembe alimaliza kumenya ndizi. "Nalala," alisema mwishowe. "Lakini nikisikia filimbi karibu na mlango naamka, natetemeka kama zamani."

Wengine walimwambia amwache Byarugaba. "Akiondoka yeye, wezi watarudi, tutarudi kulala na mbuzi." Nyirabahire hakuwabishia, kwa sababu ilikuwa kweli. "Sisemi tusiwe na walinzi," alijibu kila mahali. "Nataka wawe walinzi wetu. Sasa hivi sisi ndio tumekuwa mbuzi wao."

Alipomwendea Mzee Telesfori, mzee alitazama pembeni. "Mkutano huitishwa na mwenyekiti, mwanangu, na mwenyekiti haoni sababu."

"Basi nitakaa hapa mpaka aione."

Akakaa. Alileta maharage yake akayapukuchua uani kwa Telesfori. Kesho yake akaleta majani, akasuka mkeka. Mvua ikinyesha alisogea chini ya upenu. Hakutukana, hakulia. Alimwamkia mzee asubuhi, akamuaga jioni. Mke wa Telesfori alianza kumletea uji, kisha akaanza kuketi naye, na wanawake wa jirani wakaja na maharage yao. Ua ukajaa. Mzee akawa hana pa kupita akienda kwenye kibanja chake, na mkewe hakumwandalia chakula bila kuguna. Akaitisha mkutano.

Byarugaba alikuja na walinzi wote, fimbo mikononi, wakasimama nyuma ya watu. Nyirabahire alisimulia yaliyotokea ghalani, bila kupunguza pigo lake mwenyewe. Nsabimana alikuwepo, mkono umefungwa kwa bendeji. Alipoulizwa alisimama akasema, "Niliiba. Alinilisha, nami nikamwibia. Sina la kujitetea." Akaketi.

"Mmesikia," alisema Byarugaba. Akapita katikati ya watu hadi mbele, na kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka vitani akaizungumzia vita. "Mwaka wa sabini na nane nilikuwa ng'ambo ya mto Kagera adui alipoingia. Kuna kijiji tulikikuta viongozi wameshakimbia. Adui alikuwa bado hajafika hapo. Lakini milango ilikuwa imeng'olewa, ng'ombe wamechinjwa, mwanamke mmoja amekatwa mkono kwa ajili ya cherehani. Waliofanya ni nani? Majirani zake. Ninyi hamjamwona mtu asiye na wa kumwogopa. Mimi nimemwona. Ndiyo maana nawapiga. Nisipoogopwa, mtarudi kule."

Watu walimwamini, hata Nyirabahire.

"Nimemwona mtu huyo, kamanda," alisema. "Ulinipa fimbo, nikapiga, nikataka kuongeza. Nilikuwa yeye. Kwa hiyo sikatai unayosema. Lakini nikuulize moja. Kama mtu akikosa wa kumwogopa anakuwa hivyo, wewe hapa Rwenkende unamwogopa nani?"

Byarugaba alitazama huku na huku kama aliyepoteza njia kwenye migomba yake mwenyewe, na kila aliyetazamana naye safari hii hakuinamisha macho.

"Utuogope sisi," Kemirembe alisema kutoka kwenye mkeka alioketia. "Kidogo tu. Kama tunavyokuogopa."

Yakafuata mabishano makali, na si kila kitu kilikwenda alivyotaka Nyirabahire. Alitaka mkungu wa ndizi ufutwe. Wengi wakasema walinzi nao wanakula, ukabaki, ila wa hiari. Lakini walikubaliana kwamba kamanda atachaguliwa upya kila msimu wa kahawa, na kwamba mashauri ya waliokamatwa yatasikilizwa na wazee pamoja na wanawake wawili, Nyirabahire na Kemirembe. Nsabimana aliamriwa kupalilia kibanja cha Nyirabahire mkono ukipona. Ukamanda ukapewa kijana mwingine, Cassian. Byarugaba aliivua filimbi shingoni, akaiweka mezani kwa Telesfori, akaondoka, na nusu ya walinzi wakamfuata.

Miezi iliyofuata ilikuwa migumu. Wizi ulirudi. Wapo waliomwambia Nyirabahire usoni, "Hii ndiyo faida yako." Aliomba apangiwe zamu, yeye na Kemirembe, wakazunguka na filimbi kama wanaume. Wanawake wengine wakafuata, kisha walinzi wale waliosusa wakaona aibu, mmoja mmoja wakarudi. Byarugaba hakurudi. Akikutana na Nyirabahire njiani alipita kama amepita mti.

Mwaka uliofuata, mchana mmoja, Nyirabahire alikuwa akianika mtama alipoona watu wakija kwa haraka. Walikuwa walinzi vijana, na katikati yao Byarugaba akimvuta mbuzi kwa kamba. Wamemkuta na mbuzi asiyejulikana, walisema. Mmoja wao tayari alikuwa na fimbo, na uso wake ulikuwa na lile tabasamu la siku ya ghalani.

Byarugaba alisimama wima, lakini jasho lilimtiririka. Alimtazama Nyirabahire machoni, kwa mara ya kwanza tangu siku ya mkutano.

"Nataka nisikilizwe," alisema.

"Utasikilizwa," alijibu Nyirabahire. Akamgeukia kijana. "Weka fimbo chini. Nenda kamwite mwenyekiti, na upite kwa Kemirembe."

Shauri liliwachukua mpaka jioni, maana ilibidi mtu aende Nyakasimbi kwa wakwe wa Byarugaba kuuliza. Mbuzi alikuwa wa halali, amepewa na shemeji yake. Walinzi wakaamriwa wamwombe radhi mbele ya watu, wakamwomba. Byarugaba aliitikia kwa kichwa, akamfungua mbuzi wake, akashika njia bila kusema asante.

Kemirembe alikasirika. "Hata neno moja!"

"Hakuja kwangu kuomba hisani," alisema Nyirabahire, akiinuka kwa kushika kiuno. Wingu lilikuwa limekaribia, na mtama ulikuwa bado nje.