Kasuku wa Bure wa Mfalme Kiboko

Nchi ya Bwawani ilitawaliwa na Kiboko, na kazi yake nzito kuliko zote ilikuwa kupiga miayo. Siku moja, baina ya mwayo na mwayo, akatangaza kwamba serikali yake inawapenda wanyonge mno. Kwa hiyo hakuna raia atakayehangaika tena kujisemea barazani. Kila mwenye kesi ya nyumba, ndoa au mirathi atapewa kasuku wa kumsemea, bure. Wakubwa wa ikulu wakashangilia mpaka sauti zikawakauka. Kasuku wenyewe walilelewa ikulu, wakala karanga za ikulu, na walijua yale tu waliyofundishwa huko.

Bi Nungunungu alizipokea habari hizo kwa shukrani, maskini. Alikuwa amefiwa na mume, na kabla matanga hayajaanuliwa shemeji yake alishakuja kulipima shimo lao kwa macho.

"Shemeji, nyumba ya marehemu ni ya ukoo," alisema. "Wewe na watoto tafuteni pa kwenda."

Shimo hilo Bi Nungunungu alilichimba pamoja na mumewe, na mlango wa nyuma aliuchimba peke yake, mjamzito. Akaenda barazani akiwa na moyo mkunjufu. Haki si ilikuwa bure?

Jaji Korongo alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, na Mfalme amelala topeni akisikiliza kwa sikio moja. Kasuku akatua karibu na mjane.

"Mwanangu, waambie nimelichimba kwa makucha yangu. Majirani wote ni mashahidi."

"Mama, mambo ya sheria tuachie sisi."

Kwa kuwa ikulu ilibana matumizi ya karanga, kasuku huyo huyo ndiye aliyemsemea shemeji pia. Akarukia upande wa pili, akasema nyumba ni ya ukoo, kisha akarudi kwa mjane.

"Na mjane anasemaje?" Korongo akauliza.

"Mjane anakubaliana na mheshimiwa."

"Mbona sijasema kitu bado?"

"Anakubaliana na utakalosema, mheshimiwa."

Bi Nungunungu akainuka. "Mimi sijakubali."

"Kaa chini, mama," askari Nyani akamkemea. "Una wa kukusemea."

Shemeji akapewa nyumba. Mfalme akatabasamu kwa fahari, akasema hakuna nchi inayomjali mnyonge kama yake. Na kweli: zamani mnyonge alishindwa peke yake, sasa alishindwa kwa msaada wa serikali.

Bi Nungunungu alirudi kwake akiwa na hasira iliyomkausha machozi. Asubuhi Nyani na shemeji walipokuja kumtoa, walimkuta mlangoni amewapa mgongo, miiba imesimama yote. Wakazunguka nyuma. Huko nako wakakuta migongo mingine yenye miiba: wajane wa bondeni na mzee mmoja, wote waliowahi kukubalishwa na kasuku.

"Mama, hii ni amri ya Mfalme," alisema Nyani.

"Aje ailete mwenyewe," Bi Nungunungu akajibu bila kugeuka.

Nyani akamtazama shemeji. "Nyumba ni yako, bwana. Tangulia."

Shemeji akaitazama miiba, akakumbuka kwamba kwake pia kuna nyumba.

Amri haikuingia shimoni siku ile, wala baadaye. Wenye kesi wakaacha kwenda barazani; walikwenda kwa Bi Nungunungu, kumuuliza mgongo hugeuzwa vipi.