Kitenzi Bado Kiko Njiani

Kiholanzi nakijua chote. Mtu akikiongea natambua mara moja, ingawa kwanza huwa nampiga mgongoni nikidhani amekwamwa na mfupa.

Mjukuu wangu Priscilla, anayeniita koko, yaani nyanya kwa Kimaasai, ndiye alikileta kwa nyumba. Ako na mchumba Uholanzi, Wouter, aliyekuja Isinya kuangalia mashamba ya maua akaishia kumwangalia yeye. Baba yake Priscilla, Saning'o, amesema mzungu asipofika Kajiado Desemba kuposa, hayo maneno yaishe. Basi Priscilla akatafuta mwalimu hapa Kitengela: Khisa, mtu wa kuvaa skafu kwa jua la saa saba, ambaye hawezi kuomba hata chumvi kabla ya kusema, "Nilipokuwa Rotterdam..."

Jumamosi wakiwa kwa somo, nami nimekaa kando, Wouter akapiga. Khisa akanyakua simu. "Wacha nitafsiri. Priscilla bado ni wa chekechea."

Mzungu akaongea. Khisa akainua kidole. "Anasema, 'Mimi nime, jana, kwa shamba, ng'ombe wengi...'"

"Nime nini?" nikauliza. "Nimewaiba?"

"Tulia, koko. Kitenzi bado. Kwao kipande kidogo hukaa mbele, chenyewe huja mwisho." Akangoja. "Ona! 'Nimewaona.'"

Lugha gani hii? Unatajiwa ng'ombe wote, unakaa roho mkononi, hujui kama wameonwa ama wameliwa. Kimaasai kitenzi hutangulia, kama ng'ombe mwenye kengele. Hao wamemfunga kengele yule kilema wa nyuma.

Priscilla akasogea kwa simu, akauliza lile la maana: Desemba unakuja?

"Ik zal in december naar Kajiado..." Simu ikakatika.

Khisa akapiga makofi. "'Mimi nita, Desemba, Kajiado...' Yaani Desemba atakuja Kajiado!"

Priscilla machozi ya furaha, tayari anatafuta namba ya baba yake. Nikamshika mkono. "Mwalimu, kitenzi kilifika saa ngapi?"

"Nilikisikia, koko. Mtu wa Rotterdam haachwi na kitenzi."

Simu ikalia tena. Wouter, maskini, akamalizia neno lake: "Bellen."

Priscilla akakaa chini. Hilo alilijua, wao wawili huishi kwa hilo. "Bellen ni kupiga simu. Desemba atapiga simu Kajiado, tu."

"Inategemea," Khisa akasema, akilegeza skafu. "Kule Rotterdam sisi tulitumia bellen kwa kuja."

"Rotterdam upande gani?" Priscilla akamuuliza.

Khisa akavua skafu.

"Upande wa Gataka, hapa hapa Kenya," akasema. "Nilijifunza kwa simu ya dada yangu."