Wimbo wa Neno Moja

Vekoslav Hribernik, kiongozi wa kwaya ya Ptuj, mji wa Waslovenia, alitunga wimbo wa kuwaunganisha Waslavi wote, akauanza kwa neno ambalo kila mmoja wao analo kwao: sauti. Waslovenia husema glas, Wacheki hlas, Wapolandi głos. Ndugu wa tumbo moja, alijisifu. Masikini, alisahau kuwa ndugu wa tumbo moja ndio wanaojuana pa kuumizana.

Kamati ya kwaya ilishamwonya: wimbo ukiharibika, uongozi unakwenda kwa Kastelic mfamasia, ambaye hana sikio la muziki ila ana ndevu za kupendeza.

Waimbaji wageni kutoka Praha na Krakov walipokelewa kwa mkate na chumvi, kama ilivyo desturi ya Waslavi. Mazoezi yakafika neno la kwanza, yakagota hapo.

"Ni hlas!" alisema Koutecký wa Praha. "Ninyi wengine mmeliharibu tu."

"Toka hapa! Sisi tulikuwa nalo babu yako hajaota hata meno," akajibu Zaremba wa Krakov.

Waliona haya kukosea lugha ya mwenzao, kwa hiyo walitukanana kwa Kijerumani, lugha ya watawala wao, ileile waliyokusanyika kuikimbia. Kila baada ya tusi walilainisha koo kwa pombe kali ya plamu, kisha wakapaza sauti zaidi.

Apolonija, mkewe Vekoslav, alichungulia mlangoni. "Baba watoto, watu wako wanabweka. Niwaletee chai ya asali?"

"Waache, mama. Wakishatema nyongo watatulia."

"Watatulia kweli. Kama makaburini."

Jioni ukumbi ulijaa. Kastelic alikaa mbele, akichana ndevu. Vekoslav aliinua mkono, na midomo yote ikafunguka. Ukatoka mkwaruzo, kama mlango wa ghala la zamani. Sauti zote zilikuwa zimekauka kwa kutukanana.

Vekoslav alifumba macho kwa aibu. Halafu akasikiliza. Mkwaruzo ulikuwa mmoja, hakuna ambaye angeweza kusema huu wa Praha na ule wa Krakov. Watu wakadhani ni maombolezo, wakasimama, wengine wakifuta machozi. Naye machozi yakamtoka, ya furaha tupu.

"Mmesikia?" Koutecký alinong'ona kwa sauti iliyokauka. "Kicheki hicho."

Zaremba alifungua kinywa kumjibu. Hakikutoka kitu. Vekoslav alimshukuru Mungu, akainua mkono upesi kuanza ubeti wa pili kabla sauti ya Mpolandi haijarudi.